Invoisi mbili feki, binti aliyesimamishwa kazi, na skripti iliyoshindwa kusoma

Kisa hiki ni cha kampuni ya utalii hapa Arusha, ya ukubwa wa kati, ina magari yake, ofisi upande wa Njiro, wateja wengi wa Ulaya. Jina silitaji na vitu kadhaa nimebadilisha ili asijulikane mtu, ila upande wa kiufundi nimeuacha kama ulivyokuwa maana huo ndo unaotuhusu.

Wateja wawili, mume na mke kutoka Uholanzi, walishalipa diposi mapema, wakabakiza balansi ya safari ya Serengeti na Ngorongoro. Wakapata invoisi ya balansi kwa imeli, wakalipa, wakakaa kimya wakijua mambo safi. Kampuni upande wa pili inasema hela haijaingia. Kuja kuangalia risiti ya benki, akaunti iliyolipwa iko Ulaya, jina la kampuni limeandikwa sawasawa, na invoisi yenyewe ina logo, mhuri, sahihi ya mhasibu, yani hata mimi ningelipa. Mkurugenzi hakuhitaji nusu saa kujua nani kafanya. Binti wa buking ndiye anayetuma invoisi, na ile feki ilikutwa kwenye folda ya Downloads ya kompyuta yake. Akasimamishwa siku hiyo hiyo.

Aliyepiga breki ni wakili wa kampuni, mama mmoja ambaye haongei sana. Akawaambia kabla hamjaenda polisi na jina la mtu, leteni watu waziangalie hizo kompyuta. Ndo tukaitwa mimi na mzee mwenzangu, ambaye alikuwa mkaguzi wa hesabu miaka mingi kabla hajaingia kwenye uchunguzi wa kidijitali, na ambaye kila nikifungua Python, lugha ya kuandikia programu, anatikisa kichwa: "Dogo, mashine haijui kushuku."

Ofisini kulikuwa na kompyuta nne na laptop moja ya mkurugenzi. Zile nne hazikuwa na shida, tukatoa diski, tukapitisha kwenye kile kifaa kinachozuia kuandika, tukachukua imeji za E01, yani kopi kamili za diski, pamoja na heshi zake, ile namba inayobadilika data ikiguswa hata kidogo. Laptop ndo ilileta maneno. "Laptop yangu ya nini sasa? Mimi ndo niliyeibiwa." Wakili akamjibu kwa upole tu, "Mheshimiwa, upande wa pili wakija na wakili wao swali la kwanza litakuwa kwa nini mashine moja iliachwa." Akakubali, tukamsainisha karatasi ya ridhaa, tukaichukua. Kumbukeni hiyo laptop.

Kazi ya kuhakiki imeji ni ya kuchosha na haihitaji akili ya mtu kabisa, kwa hiyo hapo skripti ya kwanza, yani programu fupi unayojiandikia mwenyewe, ya bash (lugha ya amri za kompyuta), mistari michache: inapita kwenye folda, inaita programu ya kuhakiki, ewfverify, kwa kila imeji, inaandika matokeo kwenye logi pamoja na tarehe na saa, na ikikuta imeji ambayo tayari ina mstari wa mafanikio inairuka. Kile kipengele cha mwisho kinaonekana kidogo ila kwa mtu anayefanya kazi Arusha umeme ukikatika saa saba usiku katikati ya diski ya tatu, asubuhi unaendelea ulipoishia, huanzi upya. Nishaona programu za hela nyingi ambazo zikikatika njiani hazijui zilifika wapi.

Sasa tukaja kwenye mafaili. Kampuni ya utalii inaishi kwa PDF jamani. Vocha za loji, vibali vya hifadhi, tiketi za ndege, pasipoti za wageni zilizoskaniwa, itinerari, invoisi, proforma, vyote vimeseviwa mara tatu tatu, invoice.pdf, invoice (1).pdf, invoice (2).pdf, halafu kuna folda ya dawati inaitwa MPYA na ndani yake kuna folda inaitwa MPYA 2. Jumla zilikuwa kama elfu arobaini. Mzee akapiga hesabu kwa kalamu: dakika moja kwa kila faili hata ukiondoa zinazojirudia zikabaki elfu kumi na moja, ni masaa 183 ya kukaa macho kodo. Hapo ndo akaacha kutikisa kichwa kidogo.

Swali letu halikuwa "invoisi feki iko wapi", hiyo tulikuwa nayo. Maswali yalikuwa: je ilitengenezwa kwenye moja ya mashine hizi, ilikuwepo kwenye mashine yoyote kabla ya wateja kulipa, na kuna nyingine? Autopsy, programu ya kuchunguza diski, ni ya bure na inafanya mengi, na tuliitumia kuangalia vilivyofutwa. Lakini maswali kama haya ni ya kisa hiki tu, hakuna kitufe chake popote, na ndo mahali ambapo kuandika skripti yako kunalipa.

Skripti ya pili ilikuwa ya Python na kazi yake ni hii. Inapita kwenye imeji zilizofunguliwa kwa kusoma tu, kila PDF inachukua heshi ya SHA-256, ukubwa, njia kamili ya faili na tarehe zake, halafu inaita pdfinfo kupata programu iliyotengeneza faili na pdftotext kutoa maandishi. Kwenye maandishi inatafuta namba za akaunti. Na hapa kuna kitu kizuri ambacho kimetokana na kuijua biashara yenyewe: benki za Tanzania hazitumii IBAN, ile namba ya akaunti ya kimataifa inayotumika sana Ulaya. Invoisi halali ya kampuni ya Arusha itakuwa na namba ya akaunti na msimbo wa benki wa SWIFT ambao herufi ya tano na ya sita ni TZ. Ukikuta IBAN, yani herufi mbili za nchi, tarakimu mbili za uhakiki, kisha mlolongo, jumla hauzidi herufi 34, hapo kuna jambo. Na IBAN ina hesabu yake, unahamisha herufi nne za mwanzo kwenda mwisho, unageuza herufi kuwa namba, unagawa kwa 97, lazima ibaki 1. Kwa hiyo skripti haikuletei kila takataka inayofanana na IBAN, inaleta zinazokubali hesabu.

Kabla ya kuamini matokeo kuna kipimo ambacho hatukiruki: je skripti imekamata ile tunayoijua? Tukaiendesha, ikaleta IBAN kadhaa, zote za loji na mawakala wa nje wanaodai au kulipwa, halali kabisa. Ile feki iliyokuwa Downloads kwa binti haimo kwenye orodha.

Wengi hapa wangeenda kubadilisha patani ya kutafuta, yani mpangilio wa herufi inaousaka. Ila skripti hii ina tabia moja ambayo naisisitiza kwa kila dogo ninayemfundisha: isichoweza kusoma haikiachi kimyakimya, inakiweka kwenye orodha yake ya pekee na sababu. Faili limeharibika, lina paswedi, halina maandishi. Tukafungua orodha hiyo na feki yetu imo, sababu: halina maandishi. Kumbe aliyeitengeneza alichukua invoisi halali, akabadilisha kwenye picha, akageuza picha kuwa PDF. Kwa macho ni invoisi, kwa kompyuta ni picha tu, hakuna hata herufi moja ya kutafuta. Mtu ambaye skripti yake ingesema tu "nimemaliza, hakuna kitu" angeandika ripoti kwamba hakuna invoisi nyingine feki na angelala usingizi mzuri.

Sasa orodha ya wasiosomeka ilikuwa na zaidi ya elfu mbili, maana pasipoti na vocha nyingi ni skani. Mimi nilitaka kutumia Tesseract kusoma maandishi kwenye picha, mzee akasema hapana, subiri. "Mimi hizi invoisi zao nimeshaziona tangu jana, logo yao ina tembo upande wa kushoto. Nitolee picha ndogo za kurasa za kwanza, kwa miezi mitatu tu, nizipitie." Nikaongeza mistari kama kumi, pdftoppm ikatoa picha ndogo, skripti ikazipanga kwenye ukurasa mmoja wa HTML, kila picha na njia ya faili chini yake. Hizo picha zilikaa kwenye diski iliyosimbwa na zilifutwa baadae kwa sababu zile ni pasipoti za watu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sio vitu vya kubeba kwenye flashi mfukoni.

Mzee akavaa miwani, kikombe cha chai ya tangawizi pembeni, akaanza kushusha ukurasa. Pasipoti, pasipoti, vocha, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, pasipoti. Hata chai haijapoa akasema "hii hapa". Tembo kushoto, ila jina la wateja sio wale Waholanzi. Ni familia nyingine, wa Uingereza, safari yao bado, na akaunti iliyoandikwa ni ile ile ya Ulaya.

Wakili alipigiwa simu papo hapo, naye akampigia mteja kwa namba iliyokuwa kwenye fomu ya buking, sio kwa imeli. Walikuwa hawajalipa. Mama wa ile familia alisema mbona nilishawaandikia kuuliza kama mmebadilisha benki, nikajibiwa ndiyo. Hakuna mtu ofisini aliyeiona hiyo imeli.

Na njia ya faili ndo ilieleza kwa nini. Invoisi hii ya pili haikuwa kwenye folda ya kawaida, ilitoka ndani ya kopi ya sanduku la barua la buking ambayo Outlook inaihifadhi kwenye mashine, tulikuwa tumeifungua kwa programu ya pffexport kabla ya kuendesha skripti. Mashine ni laptop ya mkurugenzi. Folda ya barua ni RSS Feeds. Sasa niambie nani hapa Arusha anafungua RSS Feeds kwenye Outlook. Ndani yake kulikuwa na imeli za wateja kadhaa, zote zimewekwa alama kwamba zimeshasomwa, zote zina neno invoice au payment kwenye kichwa. Ukishaona hivyo unajua kuna ruli imewekwa kwenye sanduku la barua: imeli ikija na neno hili, weka alama imesomwa, peleka kule kusikofikwa. Mwizi anaingia kwa muda wake, anasoma kule kule, anamjibu mteja kwa anwani yake inayofanana na ya kampuni tofauti herufi moja.

Kampuni inatumia Microsoft 365, kwa hiyo tukaomba logi ya ukaguzi. Kwa akaunti za kawaida logi hizo zinakaa siku 180 kwa hiyo tulikuwa ndani ya muda. Ukiidanlodi inakuja CSV, yani jedwali la maandishi matupu, unafungua kwenye Excel unakuta safu moja inaitwa AuditData imejaa JSON, mabano na koma kama uji uliomwagika, na kila tukio lina umbo lake. Kusoma kwa macho ni adhabu. Skripti ya tatu ikafanya kazi ya kijinga tu: kufungua hiyo JSON, kutoa muda, tukio, mtumiaji, anwani ya IP, na kuongeza safu moja ya muda wa Afrika Mashariki pembeni ya ule wa asili, wa asili usiguswe.

Ile safu moja ndo ilimaliza ubishi. Tukio la New-InboxRule, yani kuwekwa kwa ruli mpya, lilikuwepo, na logi asili ilisema 17:40. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yetu. "Si mnaona? Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, tarehe hiyo binti alikuwepo ofisini mpaka saa kumi na mbili, nina kumbukumbu ya mlinzi." Nikamwambia mkurugenzi, samahani, hii logi ni ya UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko masaa matatu mbele, hapo ni saa mbili na dakika arobaini usiku. Ofisi ilishafungwa. Akanyamaza. Na kuingia kwa mara ya kwanza kutoka IP moja ya nje kulikuwa dakika chache kabla ya hapo. IP yenyewe ilikuwa ya kampuni ya kukodisha seva nje ya nchi kwa hiyo haituambii mwizi yuko wapi, na kwenye ripoti tuliandika hivyo hivyo, anaweza kuwa popote, hata Sakina hapa hapa Arusha.

Ilibaki paswedi iliondokaje. Historia ya Chrome ni faili la SQLite, yani hifadhidata ndogo, na muda wake unahesabiwa kwa maikrosekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1601, sio 1970 kama Unix, ukichanganya unapata miaka ya ajabu. Tukatoa historia za mashine zote tano, tukazigeuza saa kuwa za hapa, tukaangalia jioni ile tu. Kompyuta nne zilikuwa zimezimwa. Laptop ya mkurugenzi, saa mbili na dakika 31 usiku: ukurasa wenye sura ya kuingilia Microsoft, anwani yake haina uhusiano wowote na Microsoft, umefunguliwa kutoka kwenye kiungo cha imeli iliyosema sanduku lako la barua limejaa. Paswedi ya sanduku la buking ilikuwa moja, wanaijua wote, na uthibitisho wa hatua mbili haukuwashwa kwa sababu ulikuwa unamsumbua kila mtu.

Mkurugenzi aliuliza kitu kimoja tu. "Ile ya mailbox imejaa?"

Tuje kwa binti. Faili kukutwa kwenye Downloads kwake kulikuwa kweli, ila swali ni lilifikaje. Kwenye NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski, brauza ikidanlodi kitu Windows inabandika mkondo mdogo pembeni ya faili unaitwa Zone.Identifier, ukisema limetoka intaneti na mara nyingi na anwani lilikotoka. Huuoni kwenye Explorer, na ukikopi faili kwenye flashi yenye mfumo mwingine, wa FAT, mkondo unapotea, ndo maana mtu wa IT aliyekopi ile invoisi "kama ushahidi" kabla yetu hakuleta chochote cha maana. Kwenye imeji upo. Skripti ndogo ikachukua orodha ya mafaili inayotolewa na programu ya fls, ikachuja mistari inayoishia na :Zone.Identifier, ikatoa kila mmoja kwa programu ya icat na kuupanga na faili lake. Wa ile invoisi ulitaja WhatsApp ya kwenye brauza, na faili lilitua siku mbili baada ya Waholanzi kulipa. Yani mteja alimtumia binti kwa WhatsApp akilalamika, "hii ndo invoisi niliyolipia", binti akaifungua ili aione. Heshi yake ilikuwa sawa kabisa na ya kiambatisho kilichokuwa kwenye imeli asili ya mwizi, ambayo wakili aliwaomba wale wateja waitume kama faili zima. Hatukukuta kopi yoyote ya tarehe ya nyuma kwenye mashine yoyote, na tukaeleza wazi kwamba kilichofutwa na kuandikwa juu yake hatuwezi kukisemea. Programu iliyotengeneza PDF nayo haikuwa ile ya mfumo wao wa uhasibu, ambayo invoisi zote halali zinayo. Hilo halisemi nani kaitengeneza, linasema tu haikutoka kwenye mfumo ule.

Wakili alikuwa na wasiwasi mmoja wa haki. "Kaka, nikiulizwa mahakamani hii skripti ni nini, nani kaithibitisha, nitasema nini? EnCase angalau wanaijua." Kwanza hata EnCase, programu maarufu ya kulipia ya uchunguzi, ina lugha yake ya skripti, EnScript, watu wanaitumia miaka, na Volatility ya kuchunguza memori imeandikwa kwa Python tangu mwanzo, kwa hiyo hili sio jambo la wahuni wa mtaani. Pili, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hakiulizi programu ni ya bei gani. Mahakama inaangalia kuaminika kwa njia data ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa au kupelekwa, uzima wake ulivyotunzwa, na mtoaji wake alivyotambuliwa. Skripti ya kurasa tatu hakimu anaweza kuwekewa mezani, mtaalamu wa upande wa pili akaisoma mstari kwa mstari, akaiendesha kwenye imeji ile ile yenye heshi ile ile na akapata CSV ile ile. Tulifanya hivyo mbele yake, mzee ndo aliyeendesha kwenye laptop nyingine, mafaili mawili ya matokeo yakatoka na heshi moja. Wakili akaomba skripti zote zichapwe ziwe viambatanisho vya ripoti, pamoja na namba ya toleo la kila programu iliyoitwa ndani yake na ile orodha ya wasiosomeka nzima.

Na huo mpango wa viambatanisho ndo naona watu wengi hawaufuati. Wanaandika skripti nzuri, wanapata jibu, wanaifuta au wanaibadilisha juu kwa juu kwa kesi inayofuata, miezi sita baadae hawawezi kuonesha walichokifanya. Sisi kila kesi ina folda yake, skripti inakopiwa humo, heshi yake inaandikwa kwenye logi mstari wa kwanza kabla haijagusa kitu. Ni kazi ya sekunde.

Hela ya Waholanzi haikurudi. Benki ilituma maombi ya kuirudisha lakini ilikuwa imeshatolewa, na kampuni ikawapeleka safari kwa gharama zake, jambo ambalo nampongeza mkurugenzi japo liliuma. Shauri lilipelekwa polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, dhidi ya mtu asiyejulikana. Binti aliitwa arudi, akataka kwanza barua iliyoandikwa kwamba hakuhusika, akapewa, akaisoma, akasaini kopi, halafu akaacha kazi. Sasa hivi yuko Moshi na kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro.

Skripti ya PDF nimeiongezea kitu kimoja tangu pale, zisizo na maandishi zinapita Tesseract zenyewe usiku. Picha ndogo za kurasa za kwanza hazijaondolewa, mzee alikataa.